Chapa ya Fundi na Chapa ya Mpimaji

Mtu afapo akaacha kijiko au kikombe cha kizungu, warithi wake hukigeuza chini juu, nao wakiona herufi au picha ndogo iliyogongwa hunena, “Kina chapa, basi ni fedha.” Huku Mkula, kama penginepo Usukuma, hoja hiyo hunenwa kwa uhakika hata na watu waliosoma. Nataka kuipinga, kwa sababu urithi hugawanywa juu yake: mmoja hupewa kijiko badala ya mbuzi, kisha hukipeleka kwa sonara mjini, akaambiwa kwamba ni shaba iliyopakwa tu.

Kosa la kwanza limo katika lugha yetu. Neno chapa latumika kwa mambo mengi: chapa ya kitabu, chapa ya ng’ombe, chapa ya fundi. Kila mfugaji ajua kwamba chapa ya ng’ombe yasema ni wa nani, wala haisemi ana maziwa kiasi gani. Lakini akishika kijiko huusahau ujuzi huo wa zizini. Neno fedha nalo latutatanisha, maana ni jina la madini na pia la sarafu. Rupia ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu 917 za fedha katika kila 1000. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ilikuwa na sehemu 250 tu, na ile ya mwaka 1948 haikuwa nayo kabisa. Hata hivyo zote tatu tuliziita fedha.

Kwa hiyo yafaa kuuliza: ni nani anenaye katika chapa? Fundi agongaye jina lake ajishuhudia mwenyewe. Lakini Uingereza, tangu mwaka 1300, sheria iliamuru kwamba fedha ikaguliwe na wasimamizi wa chama cha mafundi, ndipo igongwe kichwa cha chui. Tangu mwaka 1544 aliongezwa simba atembeaye, ambaye katika vyombo vya zamani ni ushahidi wa sehemu 925 katika 1000. Tena ipo alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji ilikuwa ya Sheffield hata mwaka 1975, ilipowekwa waridi badala yake. Pamoja na hizo zimo herufi ya mwaka na herufi za jina la mtengenezaji. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1888, walitumia mwezi mwandamo na taji, pamoja na hesabu kama 800. Huko mtengenezaji hugonga mwenyewe, ila hujibu mbele ya sheria akisema uongo.

Sasa tutazame herufi E.P.N.S., ambazo wengi wadhani ni za heshima. Maana yake ni kwamba chombo kimepakwa fedha kwa nguvu za umeme, juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Wazungu huuita mchanganyiko huo “fedha ya Kijerumani”, wala hamna fedha ndani yake. Kazi hiyo ilienea baada ya Elkington wa Birmingham kupewa hati ya uvumbuzi mwaka 1840. Watengenezaji wengine waliiweka kila herufi ndani ya ngao yake, ikafanana na chapa ya mpimaji kwa jicho la haraka. Herufi zenyewe hazikusema uongo. Aliyezisoma ndiye aliyeongeza neno.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, yaani kudharau kisicho na chapa. Mapambo mengi ya Oman na ya pwani yalifuliwa na masonara kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zenye sehemu 833 za fedha katika 1000, wala hayakupelekwa kwa mpimaji. Hayana chapa, nayo ni fedha. Na reale yenyewe yataka msomaji mwangalifu: malkia huyo alikufa mwaka 1780, na zilizopigwa baadaye, hata zile za London zilizoanza mwaka 1936, zote zimeandikwa 1780.

Basi naona heri tutenganishe maneno, tuseme chapa ya fundi na chapa ya mpimaji, tusizichanganye tena. Na kabla ya kugawa, chombo kitazamwe kwa kioo cha kukuzia. Kisisuguliwe kwa mchanga wala majivu, maana hivyo hufuta alama na kuondoa fedha iliyopakwa. Rangi ya manjano ikionekana ukingoni, mahali paliposhikwashikwa, ni dalili ya kupakwa. Mwenye kugawa urithi akiisha kujua ni nani aliyeshuhudia, ndipo ataje thamani mbele ya ndugu.