Wajitoleaji Walishindwa Tangu Malindi

Mnaokumbuka kuzama kwa meli ya MV Spice Islander mnayakumbuka mahema ya Maisara na vijana wa Msalaba Mwekundu waliojitolea kutoa huduma ya kwanza. Kazi yao ilikuwa safi, sawa na ya wavuvi wa Nungwi walioopoa watu baharini. Lawama haiko ufukweni. Iko bandarini Malindi, Unguja, usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, pale meli yenye ruhusa ya abiria wapatao 600 ilipoachiwa iondoke kwenda Pemba na watu zaidi ya 2,000, huku hesabu ya karatasini haifanani hata kidogo na umati uliojaa sitahani. Kwamba uamuzi ule uliua, limesemwa sana. Lisilosemwa ni kuwa ulimnyang'anya mjitoleaji zana yake. Kijana anayejitolea kwenye maafa ana kazi mbili: kumhudumia aliyepatikana na kumtafuta asiyeonekana. Ya kwanza yataka mikono na bendeji, ya pili yataka jina. Mama wa Wete au Micheweni, kule Pemba, akiuliza habari za mwanawe, kijana asiye na orodha ya kweli hawezi kumwambia hata iwapo mtoto alipanda. Ndiyo sababu hesabu hazikulingana: miili iliyopatikana ilikuwa 203, kisha mapema 2012 tume ya uchunguzi ikataja waliokufa na kupotea zaidi ya 1,500. Pengo hilo bandari haikuweza kulijaza. Waliolijaza ni ndugu waliojua nani hakurudi nyumbani.

Tazama walivyofanya wa zamani. Mwaka 1914, Msalaba Mwekundu ulifungua Geneva ofisi ya kutafuta mateka na waliopotea vitani, na wajitoleaji wakaandika kadi takriban milioni 7, bila kompyuta. Wao walikabili majeshi ya mataifa. Sisi tulikuwa na ngazi moja ya meli.

Nitaambiwa orodha haimwokoi anayezama, tena usafiri wa Pemba ulikuwa haba na watu walikuwa wanarudi kutoka sikukuu ya Idi. Lakini hesabu ikifika kikomo ndiyo inayofunga ngazi, na uhaba wa meli ni hoja ya kuongeza safari, si ya kushindilia watu. Nitaambiwa pia kijana wa kujitolea si askari wa bandari. Kweli, na asifanywe askari. Apewe nakala ya orodha tu. Nalisisitiza hili la orodha kwa sababu tulishafundishwa na kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, na hata baada ya Spice Islander hatukushika: Julai 2012 ikazama MV Skagit, na Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kikaacha maiti zaidi ya 220, na waokoaji wakawa tena wanatafuta watu ambao idadi yao haikujulikana. Orodha kamili ya abiria, yenye jina na shehia ya kila mmoja, ifike tawi la Msalaba Mwekundu la Pemba kabla kamba hazijafunguliwa Malindi.