Mafundi wa Ratiba

Televisheni ya Uingereza ya zamani imesifiwa vya kutosha kwa vipindi vyake. Waigizaji walipata tuzo, waandishi walipata jina, na hata wanasesere wa vipindi vya watoto wana wazee wanaowakumbuka kwa mapenzi hadi leo. Waliosahaulika ni wale waliokaa katikati ya kipindi na kipindi: mpangaji wa ratiba, mtangazaji aliyesikika bila kuonekana, na fundi aliyetunza saa ya ukutani na picha za kuzibia mapengo. Hao ndio nataka kuwasifu, kwa sababu wao ndio waliowapa watu siku nzima yenye asubuhi, jioni na wakati wa kulala. Uzi wa shanga hukumbukwa ukishakatika.

BBC ilipoanza matangazo yake ya televisheni pale Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, watangazaji wake walikuwa watatu: Leslie Mitchell, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Waliitwa watangazaji, lakini kazi yao ilikaribia ile ya mwenye nyumba anayewapokea wageni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, Septemba 1939, mitambo ilizimwa, na haikuwashwa tena hadi tarehe 7 Juni 1946. Siku hiyo aliyefungua matangazo alikuwa Jasmine Bligh yuleyule, akawauliza watazamaji kama bado wanamkumbuka. Kisha ikaonyeshwa katuni ya Mickey Mouse iliyokuwa imeonyeshwa siku ya kuzima. Mtu aliyepanga hivyo alijua kazi yake. Miaka karibu saba ya mabomu na makaburi, naye akaiunga siku ya kwanza na ya mwisho kwa katuni.

Siku zile karibu kila kitu kilirushwa moja kwa moja. Mchezo wa kuigiza ulimalizika kabla ya wakati, mandhari ya studio yalichelewa kubadilishwa, kamera iliharibika. Pengo likitokea, watazamaji waliwekewa filamu fupi isiyo na maneno: kinu cha upepo, farasi wakilima, paka mdogo akichezea uzi wa sufu. Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1953 inayoonyesha mikono ya mfinyanzi kwenye gurudumu lake. Udongo unapanda, unashuka, unapanuka, unabanwa tena, na chungu hakikamiliki. Wengi wamelifanyia utani jambo hilo, lakini ustadi wenyewe umo humo humo. Filamu ya kuzibia pengo lazima iweze kukatwa sekunde yoyote bila mtazamaji kuhisi amenyimwa kitu. Chungu kingekamilika, watu wangetaka kukiona kikikaushwa na kuchomwa. Aliyechagua mikono ile alikuwa amefikiri sana juu ya subira za watu.

Hata saa tupu zilitengenezwa. Kadi ya majaribio iliyoanza kutumika mwaka 1967, rangi zilipoingia, ilibuniwa na mhandisi wa BBC, George Hersee, naye akamweka binti yake Carole katikati, ubaoni, akicheza mchezo wa misalaba na duara na mwanasesere wa sura ya mchekeshaji. Rangi ya ngozi ya mtoto ilimsaidia fundi wa dukani kurekebisha runinga ya mteja, na msalaba mmoja pale ubaoni uliwekwa ili uonyeshe kitovu hasa cha picha. Watu waliitazama kwa miaka wakidhani ni picha ya mtoto anayecheza tu.

Zaidi ya yote napenda chumba cha mtangazaji wa BBC1 katika miaka ya 1970. Kwenye runinga za nyumbani ilionekana dunia ikizunguka polepole, na nyuma yake dunia nyingine iliyotandazwa. Ukiiangalia leo unaweza kudhani ni kazi ya kompyuta. La. Ilikuwa ni globu ya kushikika kwa mkono, ikizungushwa na mota, na nyuma yake kioo kilichopinda. Kamera iliyoipiga ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Rangi zilitiwa na mitambo baadaye. Kamera hiyohiyo iliweza kuinama na kuinuka, kutoka kwenye globu kwenda kwenye saa yenye mishale ya kweli, au kwenye kadi iliyoandikwa jina la kipindi. Dunia ile ilizunguka hadi Februari 1985, kompyuta ilipochukua nafasi yake.

Na juu ya picha hiyo kuna sauti. Mtangazaji amevaa visikilizio, sikio lake linapokea hesabu ya sekunde zinazorudi nyuma, macho yako kwenye saa, mdomo unawaambia watu kinachofuata kana kwamba hana haraka yoyote. Akipewa sekunde kumi na tatu, hatakiwi kusema za kumi na mbili wala za kumi na nne. Maneno mengi aliyaandika mwenyewe. Filamu ikikatika, yeye ndiye wa kwanza kuomba radhi kwa kosa asilolifanya. Siku hizi majina ya waigizaji yanabanwa kwenye kona ya skrini huku sauti ikipiga kelele juu ya muziki wa kufungia, na kila ninapoona hivyo nahisi mtu amenifungia mlango usoni.

Katika ufundi wa sauti, hakuna aliyemfikia Len Martin. Kipindi cha michezo cha Jumamosi, Grandstand, kilianza mwaka 1958, naye akasoma matokeo ya mpira wa miguu tangu mwanzo hadi alipofariki mwaka 1995. Kila Jumamosi jioni mamilioni ya Waingereza walikuwa na karatasi zao za kubashiri mkononi. Leo tungesema wanasubiri mkeka. Len Martin aliisoma orodha ndefu ya timu kwa sauti iliyopanda na kushuka kwa utaratibu. Timu ya nyumbani ikishinda, jina la mgeni lilishushwa. Mgeni akishinda, sauti ilipanda kwake. Ikiwa sare, timu zote mbili zilipewa uzito sawa. Hivyo mtu aliyekuwa jikoni akikaanga mayai aliijua sare kabla tarakimu ya pili haijatamkwa, na sare ndizo zilizotafutwa sana na wabashiri. Jaribu kusoma orodha ya namna hiyo mbele ya watu, usimpendelee yeyote, usitoe siri mapema kupita kiasi, wala usiichoshe. Utamheshimu.

Baada ya matokeo jioni ilianza kupanda ngazi. Katikati ya miaka ya 1970, Jumamosi ya BBC1 ilitoka kwenye mpira ikaenda kwenye Doctor Who, watoto wakiwa bado macho. Kisha Bruce Forsyth na The Generation Game kwa ajili ya familia nzima, bibi akiwemo. Kisha vichekesho vya The Two Ronnies. Kisha Match of the Day kwa waliobaki, na mwisho mazungumzo ya Michael Parkinson kwa wasiotaka kwenda kulala. Kila kipindi kilimkabidhi mwenzake watazamaji. Kipindi dhaifu kiliwekwa katikati ya viwili vyenye nguvu, kibebwe. Michael Grade, aliyeshika uongozi wa BBC1 mwaka 1984, aliijua hesabu hiyo vizuri. Tamthilia ya EastEnders ilipoanza Februari 1985 ilikuwa saa moja kamili usiku, ikigongana na Emmerdale Farm ya ITV, kituo shindani. Septemba mwaka uleule akaisogeza hadi saa moja na nusu. Nusu saa tu. Hakuna neno la tamthilia lililobadilika, na watazamaji wakaongezeka.

Sifa hizi zisimfanye mtu adhani siku zile zilikuwa pepo. Hadi Channel 4 ilipoanza Novemba 1982, chaneli zilikuwa tatu, na mpanga ratiba alikupangia ukitaka usitake. Hadi Februari 1957, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni runinga zote zilinyamaza kwa amri, ili wazazi wawalaze watoto. Serikali ilidhani mama hawezi kuzima swichi mwenyewe. Na hadi 1991 aliyetaka kujua ratiba kamili ya wiki alilazimika kununua magazeti mawili, Radio Times ya BBC na TV Times ya ITV, kwa kuwa kila upande ulificha yake. Huku kwetu tulipokea vipande tu. Wakenya walicheka na kipindi cha vichekesho cha Mind Your Language, darasa la mwalimu Jeremy Brown, lakini kwao kilitanguliwa na kufuatiwa na mambo mengine kabisa, kwa hiyo hawakuonja jioni kilimotolewa.

Nani basi aliielewa ratiba ile kuliko wote? Nadhani ni mafundi wa umeme. Kipindi kikubwa kikiisha, nchi nzima iliinuka kwa pamoja kuwasha birika la chai, na mahitaji ya umeme yakaruka ndani ya dakika moja. Tarehe 4 Julai 1990, baada ya mikwaju ya penalti kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, yaliongezeka kwa takriban megawati 2,800. Kwa ajili ya miruko ya aina hiyo, kule Dinorwig, Wales, ndani ya mlima, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 1984. Maji hupandishwa juu usiku wakati umeme ni mwingi, kisha huachiliwa kushuka yanapohitajika, na turbini zikiwa tayari zinazunguka hutoa zaidi ya megawati 1,300 katika sekunde zisizofika ishirini. Ila lazima mtu ajue ni lini. Ndiyo maana kwenye chumba cha kuongozea gridi ya taifa kulikuwa na ratiba ya televisheni mezani na runinga iliyowashwa, na mhandisi mzima akifuatilia EastEnders kikazi, akisubiri muziki wa mwisho. BBC ikichelewesha kipindi dakika mbili, maji ya Wales nayo yalisubiri dakika mbili.