Istiari ya Silaha katika Waraka kwa Waefeso: Kinga au Shambulio?

Makala haya yanakusudia kuichunguza istiari iliyozoeleka mno katika Kiswahili cha makanisani, hata aghalabu haihesabiwi tena kuwa istiari: silaha za kiroho, zilizotajwa katika Waefeso 6:10-20. Matini tunayoitumia ni ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952 ili wasomaji wa tafsiri za Kiunguja na za Kimvita wapate Biblia moja. Hoja yetu ni kwamba msamiati wa tafsiri hiyo, pamoja na ufasaha wake wote, umeiachia istiari mwanya wa kueleweka kinyume cha matini yenyewe.

Tuanze na neno silaha. Neno la Kiyunani ni panoplia, yaani zana zote za askari, za kujikinga pamoja na za kupigania. Silaha, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwa msemaji wa kawaida ni mkuki, upanga au bunduki. Ni kitu cha kushikwa, si cha kuvaliwa. Mfasiri alipokiambatisha kitenzi vaa na silaha, aliunda mwambatano mgeni, na ugeni huo ndio nguvu yake, kwa kuwa unamlazimu msomaji ajiulize ni silaha gani hiyo ivaliwayo. Mazoea yameufuta ugeni huo. Aghalabu mhubiri atajapo silaha za kiroho, vitenzi vinavyofuata ni piga, vunja na teketeza.

Lakini tuzihesabu zana zenyewe. Ziko 6: mshipi, unaodokezwa na kitenzi cha kujifunga kiunoni, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga. Ni upanga peke yake umjeruhio mtu. Kitenzi kinachorudiwarudiwa ni kusimama, wala si kushambulia. Aidha, aya ya 12 yakana waziwazi kwamba adui ni binadamu. Naye mwandishi, ambaye mapokeo yamtaja kuwa Paulo, ajieleza katika aya ya 20 kuwa yumo minyororoni: anayewagawia wenziwe silaha hana hata kisu.

Pili, tuyatazame maneno dirii na chapeo. La kwanza lina asili ya Kiarabu. La pili latokana na Kireno, ambako maana yake ni kofia tu. Leo ni nadra kuyasikia nje ya Biblia na tendi za vita. Msikilizaji asiyekiona chuma nyuma ya neno hubaki na jina la kitu kitakatifu kivaliwacho ili kuzuia madhara. Na kitu cha namna hiyo kina majina yake ya kale katika Kiswahili: hirizi, kago, zindiko. Ndiyo maana wako waumini wanaoitaja orodha hii kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, kana kwamba matamshi yenyewe ndiyo kinga. Istiari iliyohusu mwenendo, yaani kweli, haki na imani, imegeuzwa kuwa kifaa.

Kihusishi -a nacho kimechangia. Katika ngao ya imani, imani ndiyo ngao. Lakini katika upanga wa Roho, upanga si Roho, bali ni neno la Mungu, kama aya ya 17 ifafanuavyo. Umbo ni moja, uhusiano ni mwingine. Tena 1 Wathesalonike 5:8 yaifanya dirii kuwa imani na upendo, wala si haki. Basi vifaa hubadilishana maana; kinachodumu ni tabia njema ya mvaaji.

Swali hili si la wanaisimu tu. Kiswahili kina methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, ambayo humtafuta adui miongoni mwa walio karibu. Istiari ya silaha inapofungamana na methali hiyo, aya ya 12 husahauliwa: adui asiye na nyama hupewa uso wa mke mwenza, wa shangazi au wa jirani mzee, na maombi huwa mashtaka. Tunajua mashtaka ya uchawi yamewafikisha wazee wetu wapi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wafasiri wajao walipime neno mavazi ya vita mahali pa silaha. Halina mvumo wa neno la awali, lakini lamkumbusha msomaji kwamba anayeamriwa kubadilika ni yeye avaaye.