Lugha ya Mashine Iliyogoma Kuwaka

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwapa Waswahili chombo cha kuandikia barua na kupigia hesabu kwa lugha yao. Kazi ile yastahili sifa. Lakini barua yaweza kungoja. Maneno yasiyongoja ni yale yatokeayo kwenye kioo wakati kompyuta inapowashwa ikashindwa kukagua diski yake, na hayo hayajapimwa ipasavyo.

Tumfikirie karani wa masjala katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Umeme ulikatika faili zikiandikwa. Sasa umerudi, wagonjwa wamepanga mstari, na mashine yake ya Linux imesimama. Ujumbe wake, ukifasiriwa neno kwa neno, ni huu: "Kutowiana kusikotarajiwa, endesha ukaguzi kwa mkono." Sarufi haina kosa, ila maana haimo. Kazi ya mkono kwetu ni jembe na sindano. Afadhali iandikwe: "Orodha ya faili haipatani na yaliyomo katika diski. Anzisha ukaguzi mwenyewe, ujibu maswali yake."

Halafu mashine hudai nywila ya "mzizi". Mzizi gani? Anayetakiwa ni msimamizi mkuu wa mashine, na aitwe hivyo.

Neno "jarida" ndilo baya kuliko yote. Mfumo wa ext3, ulioingizwa katika Linux mwaka 2001, huandika kwanza mabadiliko unayokusudia, ndipo uyatekeleze. Umeme ukikatika, husoma maandishi hayo na kuimaliza kazi. Hilo ni daftari la mwenye duka, wala si jarida kama hili alilolishika msomaji. Tena daftari haliponyi diski iliyochakaa, na hapa mfasiri ana wajibu mzito: kabla ya swali "Nirekebishe?" aweke onyo kwamba diski ikiwa mbovu inakiliwe kwanza, kwa maana "ndiyo" ya haraka yaweza kukata faili isirudi tena.

Edward Steere, aliyefika Masasi mwaka 1876, alikuwa ameshachapisha mwaka 1870 hadithi alizozisikia Unguja vinywani mwa wasemaji. Wafasiri wetu nao wangekaa na makarani.

Vipande vya faili vilivyopoteza majina hupewa namba na kuwekwa mahali pamoja. Napendekeza paitwe "kabati la vilivyookotwa". Karani alifungue kabla ya kufuta chochote. Huenda rejesta ya jana imo.