Herufi Inayotangulia Namba

Katika jimbo la Nebraska, Marekani, kuna barabara za serikali ambazo nyingi zake ni za maili chache tu, na majina yake huandikwa kwa mkato: L-62A, kwa mfano. Msomaji wa ramani huliruka jina kama hilo. Kwangu mimi ni sentensi kamili, na inafaa kusomwa alama kwa alama.

Herufi ya mbele inafanya kazi ya kiambishi cha ngeli: kabla hujalijua jina lenyewe, umeshajua litapatanaje na mengine. L ni kiungo, barabara iliyoshikwa na barabara kuu huku na huku. S ni tawi: huchomoka kwenye barabara kuu, huingia mjini, hukomea hapo. R huelekea mahali pa mapumziko, kama vile hifadhi ya jimbo.

Ninayoipenda zaidi ni S. Barabara nyingi hujieleza kwa miji miwili, kutoka huku hadi kule. Hii ina mji mmoja, na mji huo ndio sababu yake yote. Kanuni ni kwamba mji uliosajiliwa wenye wakazi wasiopungua 100 usiachwe bila njia ya serikali, basi lami huwafuata watu ambao wangeenea katika mabasi mawili. L nayo ina kazi yake nzito. Pale Overton, barabara kuu ya I-80 ilipita kusini mwa mto Platte. Mji na barabara ya zamani, namba 30, vikabaki kaskazini. Kiungo kifupi ndicho kinachouvuka mto.

Kisha namba. 62 ni kaunti ya Morrill, kwa mpangilio wa alfabeti wa kaunti 93: Adams ni 1, York ni 93. Namba za magari za jimbo hilohilo zilifuata njia nyingine kabisa. Kaunti zilipangwa kwa wingi wa magari yaliyosajiliwa mwaka 1922, Douglas, yenye jiji la Omaha, ikawa 1, na Hooker ikawa 93, mkiani. Barabarani Douglas ni 28 na Hooker ni 46. Hapa waliozipa barabara majina walichagua vizuri kuliko wenzao wa magari, kwa sababu alfabeti haikumpa mwenye vingi kiti cha mbele.

Kasoro ninayoiona ni kubwa, na inaniuma zaidi kwenye S. Jina linaitaja kaunti, linanyamaza kuhusu mji, ilhali bila mji huo barabara isingejengwa. Herufi ya mwisho, A au B au C, hutenganisha tu barabara za kaunti moja. Nafasi ya kumtaja mwenyeji ilikuwa hapo, ikajazwa hesabu.