Filme « Everest »: gide ni mwema, lakini nani wa kumkataza?

Filme Everest ya Baltasar Kormákur (2015) inaliza watu. Lakini inapita kando ya swali kubwa.

Ni habari ya kweli, ya Mei 1996. Rob Hall anaongoza wateja waliolipa kufika kileleni. Anawaambia mbele: saa 8 mchana, ufike usifike, tunarudi. Doug Hansen anachelewa. Mwaka 1995 alirudishwa karibu na kilele. Sasa anaomba, na Hall anamsindikiza juu. Wote wawili walikufa. Dhoruba ile iliua watu 8.

Filme inasifu huruma ya Hall. Sawa. Ila sharti haliwekwi kwa siku nzuri; linawekwa kwa ile saa mteja anaomba na gide anaona huruma. Wengine watasema Doug alijua hatari. Kule juu hewa ni kidogo, akili inachoka. Gide njo alilipwa kujua kwa niaba yake.

Kwetu, Mei 2018, mlinzi wa Virunga Rachel Masika Baraka aliuawa akilinda watalii. Hifadhi ikafunga utalii mpaka Februari 2019. Feza ilipotea, lakini « hapana » ilitoka kwa wakubwa, haikuachiwa gide peke yake njiani.

Hall alikuwa gide, tena mwenye kampuni. Aliyeuza kilele njo huyo huyo alipaswa kukikataza. Filme inalaumu dhoruba. Mimi ninalaumu ule mpango.