Kevin Ollie na Mzee Calhoun: Mwanafunzi Alirithi Nini Hasa?

Huku Baray, upande huu wa Ziwa Eyasi, ukitaja mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani utajibiwa jina moja tu: Hasheem Thabeet. Ni haki yake. Kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), na mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, akichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Kocha wake chuoni alikuwa Jim Calhoun, mzee aliyeiongoza UConn tangu 1986 mpaka 2012 na kuipa ubingwa wa taifa mara tatu: 1999, 2004 na 2011.

Calhoun alipostaafu, kiti kilikwenda kwa mwanafunzi wake, Kevin Ollie. Msimu wa pili tu, 2014, Ollie akachukua ubingwa. Tangu hapo kuna hukumu mbili zinazorudiwa. Ya kwanza: Ollie ni nakala ya Calhoun. Ya pili: alikula tu chakula kilichopikwa na mzee. Mimi naona zote mbili zina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kisayansi kabla ya kuwa ya kimichezo.

Tuanze na mtindo wa mzee. Calhoun wa miaka ya 2000 alijenga timu kuanzia chini ya kikapu. Aliweka mrefu mmoja kama ukuta (Emeka Okafor, baadaye Thabeet), wengine wakabana nje bila woga, mpira ukidakwa tu wanakimbia. Msimu wa 2008–09 Thabeet alizuia mitupo 4.2 kwa mchezo. Lakini namba hiyo inaficha jambo kubwa. Inahesabu mitupo iliyozuiwa, haihesabu ile ambayo haikutupwa kabisa. Mpinzani anaingia, anamwona Thabeet, anageuza, anatoa pasi nje. Hakuna karani wa mezani anayeandika "ameogopa". Kwa hiyo takwimu za timu zinaweza kumpunja mchezaji wa aina hii, na kocha aliyemjengea mfumo naye anapunjwa.

Sasa njoo kwa Ollie. Injini ya timu yake ya 2014 ilikuwa gadi wawili wafupi, Shabazz Napier na Ryan Boatright. Mpira ulitembea mikononi mwao, wanasubiri kizuizi cha mwenzao, wanachagua kupita au kutupa. Ukiangalia umbo tu utasema hii siyo timu ya Calhoun. Ila angalia matokeo ya michezo mitatu ya mwisho: Michigan State 60–54, Florida 63–53, Kentucky 60–54. Hakuna aliyefikisha pointi 55. Florida walikuja na ushindi 30 mfululizo, wakaishia hapo.

Hapa tusiwe wepesi wa kushangilia. Pointi kwa mchezo ni kipimo kibovu. Ni kama wakulima wawili wa vitunguu huku kwetu: mmoja anasema amevuna gunia 60, mwingine 80, na hakuna anayeuliza heka ngapi. Katika kikapu heka ni zamu za kuwa na mpira. Tuseme timu A imefungwa pointi 66 katika zamu 72, timu B imefungwa 58 katika zamu 60. Kwa macho B ina ulinzi bora. Gawanya: A ni 0.92 kwa zamu, B ni 0.97. A ndiyo bora. Anayecheza taratibu ataonekana ana ulinzi mkali hata kama hana. Kwa hiyo anayelinganisha timu inayokimbia na timu inayopanga kwa kutumia pointi za mchezo mzima analinganisha magunia bila heka.

Kuna eneo moja ambalo Ollie alitegemea sana: mitupo huru, ile ya baada ya faulo. Katika mashindano yale ya 2014 UConn walifunga 101 kati ya 115, sawa na asilimia 87.8. Kila safari ya mitupo miwili iliwapa wastani wa pointi 1.76. Kwenye fainali walifunga 10 kati ya 10, Kentucky wakafunga 13 kati ya 24. Wengi wanasema hapo ndipo kombe lilipopatikana. Tupige hesabu. Kama Kentucky wangefunga asilimia 70, wangepata kama pointi nne zaidi, na bado wangelala. Walihitaji asilimia 80 hivi ili kufika sare. Pia, kwa mitupo 115 tu, uwezo halisi wa UConn ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 82 na 94. Na kwamba Kentucky walikosa 11, hilo silo kazi ya ulinzi wa mtu yeyote. Ni nidhamu upande mmoja, na bahati kidogo upande wa pili.

Turudi kwenye urithi. Mwaka 1981 Luigi Luca Cavalli-Sforza na Marcus Feldman waliandika kitabu kuhusu jinsi tabia na ujuzi vinavyorithishwa. Walitenganisha njia tatu: kwa mzazi, kwa watu wazima wengine, na kwa wenzako wa rika. Hapa Eyasi mfano upo karibu. Mtoto wa Kihadzabe anashika upinde mdogo mapema, na hajifunzi kwa baba peke yake. Anazunguka na wenzake, anakosea, anarekebisha.

Ollie ni hivyohivyo. Alimchezea Calhoun 1991 hadi 1995. Kisha akakaa NBA misimu 13, akihama timu baada ya timu chini ya makocha tofauti, na msimu wa 2009–10 alikuwa Oklahoma City pamoja na Kevin Durant akiwa bado kijana. Mwaka 2010 akarudi UConn kuwa msaidizi. Na alimkuta Calhoun gani? Siyo yule wa Thabeet. Alimkuta Calhoun wa Kemba Walker, gadi mfupi aliyebeba timu mpaka ubingwa wa 2011, fainali ambayo Butler walifunga mitupo 12 kati ya 64. Mzee mwenyewe alikuwa amebadilika! Anayesema Ollie aliacha njia ya mwalimu anamlinganisha na mwalimu wa miaka mitano nyuma.

Hukumu ya pili ina ukweli nusu. Napier na Boatright waliletwa na Calhoun. Lakini Amida Brimah, mrefu kutoka Ghana, aliletwa na Ollie. Yeye ndiye aliyefunga na kupata faulo sekunde za mwisho dhidi ya Saint Joseph's na kusawazisha, UConn wakashinda 89–81 kwenye muda wa nyongeza. Bila hapo safari ilikuwa imeisha siku ya kwanza.

Udhaifu wa Ollie ulikuja kuonekana baadaye: 16–17, kisha 14–18, na Machi 2018 akaondolewa. Kwangu hiyo inaonyesha alirithi namna ya kucheza kuliko namna ya kujenga kikosi upya kila mwaka. Calhoun alifanya hivyo kwa miaka 26. Hicho ndicho kigumu kurithi, kwa sababu hakionekani uwanjani.

Sisi tulio chini ya wasimamizi wa tafiti tungefaa kulifikiria. Ni rahisi kunakili mbinu za mwalimu za mwaka ule uliomkuta. Swali ni kama umejifunza jinsi alivyozipata, na alivyojua wakati wa kuziacha.